Picha nne za familia alizochora Gauguin Polinesia: ipi uichape, ipi uiache

Ukitafuta mtandaoni picha ya familia ya Kitahiti iliyochorwa na mchoraji Mfaransa Paul Gauguin, utaletewa kadhaa kwa mpigo, zote zina rangi za kuvutia, na zote zinaweza kupakuliwa na kuchapwa bila kumlipa mtu yeyote haki ya mwandishi. Gauguin alifariki mwaka 1903, na haki hiyo ilikwisha zamani. Ugumu unaanza pale unapotaka moja tu. Picha itakayokaa sebuleni miaka kumi, au darasani ambako watoto arobaini wataitazama kila siku, haichaguliwi kwa rangi peke yake. Mgeni atauliza hawa ni nani, kwa nini mtoto yule ana uso wa huzuni, huyu mwenye mabawa ametoka wapi. Mwenye ukuta awe na jibu.

Nimeziweka nne bega kwa bega. Ya kwanza ni ile inayoitwa Mlo, au Ndizi, ya mwaka 1891, iliyoko Musée d'Orsay mjini Paris. Ya pili ni Ia Orana Maria, ya mwaka huohuo, iliyoko Metropolitan Museum of Art mjini New York. Ya tatu ni Merahi metua no Tehamana ya 1893, iliyoko Art Institute of Chicago. Ya nne ni Wanawake Wawili, ya 1901 au 1902, nayo iko New York katika makumbusho yaleyale ya Metropolitan. Zipo nyingine, nitazigusa baadaye, lakini kwa mtu anayetaka picha ya jamaa waliokaa pamoja, hizi ndizo zinazostahili kushindanishwa.

Kabla ya kuingia ndani, kuna jambo linalozihusu zote. Gauguin alizaliwa Paris mwaka 1848, akalelewa miaka yake ya utotoni Lima, Peru, akarudi Ufaransa, akafanya kazi kwenye soko la hisa, akamwoa Mette Gad kutoka Denmark na wakapata watoto watano. Aliiacha kazi, kisha akaishi mbali na familia hiyo. Juni 1891 alishuka Papeete, mji mkuu wa Tahiti, kisiwa cha Polinesia katika Bahari ya Pasifiki ambacho Ufaransa ilikuwa imekifanya koloni mwaka 1880. Alirudi Ufaransa 1893, akaondoka tena 1895, na miaka yake miwili ya mwisho aliimalizia kisiwa cha Hiva Oa katika visiwa vya Marquesas. Yeye na Van Gogh, Cézanne na Seurat wanawekwa kwenye kundi la wachoraji waliokuja baada ya Waimpreshonisti (wachoraji wa Ufaransa waliofuatilia mwanga na rangi za papo hapo), jina walilobandikwa London mwaka 1910 na mhakiki wa sanaa Roger Fry, wakati wote wanne wameshafariki.

Ninalisema hili la familia kwa sababu linaonekana kwenye picha. Mtu aliyeiacha meza ya nyumbani kwake alikuwa akichora meza za watu wengine, na mara nyingi aliwapanga watu hao namna alivyotaka yeye, si namna walivyokaa wenyewe. Kipimo changu kikubwa katika ulinganisho huu ni hicho: ndani ya picha, watu ni jamaa kweli au wamepangwa waonekane hivyo?

Mlo: watoto watatu na mkungu wa ndizi

Hii ndiyo inayopendwa haraka zaidi, na ninaelewa kwa nini. Watoto watatu, wavulana wawili na msichana, wamekaa upande wa pili wa meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Mbele yao kumejaa vitu: ndizi nyekundu, bakuli kubwa la mbao, bakuli dogo, matunda, kisu. Nyuma mlango uko wazi, nje kuna mwanga na mtu ameketi. Vyakula vimechorwa vikubwa, vimeletwa karibu kabisa na mtazamaji, hata watoto wanaonekana wamerudishwa nyuma ya chakula chao.

Zitazame ndizi kwa makini. Hazina njano ya ndizi mbivu za kula hivihivi. Zina rangi ya machungwa iliyokolea kuelekea wekundu. Hizo ni fei, ndizi za milimani za Polinesia, ambazo mkungu wake husimama wima juu ya mgomba badala ya kuning'inia, na kwa kawaida hupikwa au huchomwa kabla ya kuliwa. Mtu wa Bukoba, Kilimanjaro au Kampala hahitaji kuelezwa tofauti ya ndizi ya kupika na ndizi ya kuiva. Ataona mara moja kwamba mkungu mbichi umewekwa juu ya meza kama vile ndiyo chakula chenyewe. Nani anawaandalia watoto ndizi ambazo hazijapikwa?

Jibu ni kwamba huu haukuwa mlo. Watahiti wa wakati ule walikula wamekaa chini, na meza yenye kitambaa cheupe ni ya Paris. Gauguin alikuwa amewahi kumiliki picha ya Cézanne ya matunda mezani, na aliipenda mno. Alipofika Tahiti, akiwa bado hajakaa hata mwaka, alichukua ule mpangilio wa matunda na kisu na kitambaa, akaweka matunda ya kisiwani, halafu akawaweka watoto nyuma yake. Nyuso zao zinaonyesha hivyo. Wamekaa wima kama watoto walioambiwa watulie, macho yanakwenda pembeni, na hakuna uchangamfu wa watoto wanaosubiri kula. Picha yenyewe haisemi kama ni ndugu wa tumbo moja.

Je, hilo linaiondolea thamani? Kwa sebule, kidogo. Kwa darasa, hapana, linaiongezea. Sijui picha nyingine iliyo rahisi kumwonyesha mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba mchoraji anachagua, anapanga, anasogeza. Waulize tu: hawa watoto wanakula nini? Mjadala utajiendesha wenyewe, kwa sababu kila mtoto anajua ndizi na kila mtoto anajua kukalishwa kimya mbele ya mgeni. Mwalimu wa sanaa au wa historia aichukue hii bila kusita. Isitoshe, ipo mlalo, karibu sentimita 73 kwa 92, kipimo ambacho kinakaa kwenye fremu ya 50 kwa 40 na hakuna cha maana kitakachokatwa.

Ia Orana Maria: mama na mtoto begani

Jina lake la Kitahiti ni maneno ya kwanza ya sala ambayo Mkatoliki yeyote wa Kiswahili anaijua: Salamu Maria. Mama wa Kitahiti amesimama upande wa kulia akiwa amevaa pareo, kitambaa cha kujifunga mwilini, nyekundu yenye maua, na mtoto wake amekaa begani kwake, kichwa cha mtoto kimeegemea kichwa cha mama. Wote wawili wana duara jembamba la mwanga kichwani. Nyuma yao wanawake wawili wamesimama njiani, mikono imekutanishwa kama wanaosali, na nyuma zaidi malaika mwenye mabawa ya njano amejificha nusu kwenye mti uliochanua. Chini kabisa, mbele yetu, kuna ndizi na matunda mengine yamewekwa kama sadaka.

Ni picha nzuri sana. Katika zote nne, ndiyo iliyo kamili kwa rangi. Ule wekundu wa pareo unashika jicho, kisha zambarau ya njia, kijani cha majani, njano ya mabawa, na kila rangi imelazwa kwa upana bila kuchezewachezewa. Gauguin mwenyewe aliiona ya maana kiasi kwamba aliitoa bure kwa makumbusho ya Luxembourg mjini Paris, nao wakaikataa.

Mahali pa kuiangalia kwa karibu ni yule mtoto. Hajabebwa mgongoni kwa kitambaa, wala hajapakatwa mapajani kama watoto wa Bikira Maria wa makanisa ya Ulaya. Amekaa begani, mguu mmoja mbele, na anatutazama. Ule mkao una uzito. Unaona bega la mama limebeba kitu. Ni mtoto wa kweli, ana usingizi kidogo, na mama amezoea. Sehemu hiyo ya picha naiamini.

Wale wanawake wawili wanaosali ni habari nyingine. Gauguin alisafiri na picha za kamera za michoro ya mawe ya hekalu la Borobudur, kisiwa cha Java, na mikao yao ameichukua humo. Yaani mwili ni wa Tahiti, mikono ni ya Java, imani ni ya Roma. Kwa mtu anayetaka familia ya Kipolinesia, hapa kuna mama na mtoto tu, na waliobaki wamekuja kwa kazi ya kidini.

Kuna jambo la nyumbani lazima lisemwe wazi. Wanawake hao wawili wako kifua wazi. Katika nyumba nyingi za kwetu, za Kikristo na za Kiislamu, hilo litaleta maneno, na aliyeinunua ataishia kuigeuza ukutani wageni wakija. Usiinunue kwa matumaini kwamba watu watazoea. Zaidi ya hapo, kwa familia ya Kiislamu ni picha ya ibada ya dini nyingine, na kwa familia ya Kikatoliki ni Bikira Maria hasa, siyo pambo. Sehemu inayoifaa ni chumba cha mtu anayeipenda na kuijua, au ofisi ya mtu anayefundisha dini na sanaa, ambako maswali yanakaribishwa. Ipo wima, karibu sentimita 114 kwa 88, na haitaki kuchapwa ndogo. Chini ya sentimita 60 kwa urefu, malaika anapotelea kwenye maua na watu hawamwoni tena.

Tehamana: mtu mmoja, wazazi wengi

Utashangaa kwa nini picha ya msichana mmoja imeingia kwenye ulinganisho wa familia. Imeingia kwa jina lake, ambalo linasema Tehamana ana wazazi wengi. Nalo si fumbo. Polinesia kulikuwa, na bado kuna, desturi ya mtoto kulelewa na watu wasiomzaa kwa makubaliano ya pande zote, naye akabaki wa huku na wa kule. Katika masimulizi ya Gauguin mwenyewe, alipomchukua Tehamana alikutana na mama wawili, aliyemzaa na aliyemlea. Msomaji aliyekua akiwa na mama mkubwa, mama mdogo na bibi aliyemwita mama hatahitaji ufafanuzi mrefu. Na wazazi hawaishii kwa walio hai: nyuma ya Tehamana, ukutani, kuna umbo la mungu wa kike na mistari ya alama zinazofanana na maandishi ya kisiwa cha Pasaka. Mababu wamesimama nyuma yake.

Yeye mwenyewe amekaa wima, ameshika kipepeo cha ukili cha kujipepea, ana maua nywelini, na kando yake kuna maembe mawili yaliyoiva. Vazi lake ndilo linalonivuta kila mara. Ni gauni refu la mistari ya bluu na nyeupe, limefungwa mpaka shingoni, aina iliyoletwa na wamisionari ili wanawake wa visiwani wajistiri kwa namna ya Ulaya. Kichwani maua ya kwao, mwilini gauni la misheni, ukutani miungu ya zamani. Hii ndiyo picha yenye akili kuliko zote nne. Inaonyesha mtu aliyetoka kwa wengi, na aliyevutwa na wengi, bila kumchora hata ndugu yake mmoja.

Sasa lile zito. Kwa maelezo ya Gauguin mwenyewe, Tehamana alikuwa na umri wa miaka kama 13 alipochukuliwa na mwanamume wa miaka 40 na zaidi, ambaye alikuwa na mke na watoto Ulaya. Baada yake kulikuwa na Pahura, na huko Hiva Oa, Vaeoho, nao walikuwa na umri wa miaka kama 14. Wako wanaosema hizo zilikuwa zama nyingine. Mimi siwezi kuandika kuhusu uso huu nikapita haraka hapo. Nguvu ya serikali ya kikoloni, fedha na uzungu vilikuwa upande mmoja, na msichana alikuwa upande mwingine. Mwaka 2019 National Gallery ya London ilifanya maonyesho ya picha za watu alizochora Gauguin, na suala hilo lilijadiliwa waziwazi, mpaka watu wakauliza kama aendelee kutundikwa.

Je, iachwe? Nadhani hapana, lakini isitundikwe na mtu asiyetaka kulisema jina lake. Tehamana katika picha hii hajavuliwa nguo wala hajalazwa. Amekaa kama mtu mwenye heshima zake, kipepeo mkononi ni alama ya hadhi, na macho yake hayambembelezi anayemtazama. Ukiitundika, eleza. Mweleze binti yako yule ni nani na alitendewa nini. Kama unataka pambo la sebule lisilo na maelezo, au kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye habari kama hii itamgusa kidonda, iache kabisa. Usiiweke kwenye chumba cha mtoto, wala kwenye zahanati ambako mtazamaji hana wa kumuuliza.

Kwa upande wa kuchapa, ndiyo rahisi kuliko zote: sentimita 76 kwa 54 hivi, uwiano ambao ni karibu kabisa na wa karatasi za A2 na A3. Duka lolote la kuchapa linaweza kuitoa bila kukata chochote.

Wanawake Wawili: waliokaa pamoja kabla ya mchoraji kufika

Ya nne haina umaarufu wa hizo tatu. Hakuna malaika, hakuna matunda, hakuna mungu ukutani. Ni wanawake wawili tu, mmoja mtu mzima, mmoja kijana, wamekaa karibukaribu wakiwa wamevaa magauni. Zamani iliwahi kuitwa Mama na Binti, siku hizi makumbusho yanaiita Wanawake Wawili. Vyovyote utakavyoiita, ni vizazi viwili.

Asili yake ni picha ya kamera iliyopigwa na Henry Lemasson, mtumishi wa posta huko Tahiti aliyependa kupiga picha. Jambo hilo kwangu lina uzito mkubwa. Katika Mlo, Gauguin ndiye aliyewakalisha watoto mezani. Katika Ia Orana Maria, ndiye aliyewapa wanawake mikono ya Java. Hapa wawili hawa walikuwa wameshakaa pamoja, mbele ya nyumba, wakatazama kamera ya mtu mwingine, na Gauguin akaipokea ile hali kama ilivyo. Ukaribu wa mabega yao haukubuniwa kwenye turubai. Kamera ya wakati ule haikushika rangi, kwa hiyo rangi zote ni zake, na amezipanga kwa utulivu wa mtu aliyekwishamaliza hamu ya kushangaza watu wa Paris. Alikuwa mgonjwa wakati huo, amechoka, na amebakiza mwaka mmoja au miwili ya kuishi.

Nyuso zao hazitabasamu. Kwenye picha za zamani za Mombasa na Unguja utaona uso huohuo: mtu amevaa vizuri, ametulia, anaipa kamera heshima yake. Mtu mzima anaonekana ameyaona mengi, na kijana bado hajaamua atazame vipi. Tofauti ya umri baina yao ndiyo habari yote ya picha, na inatosha. Kila nilipoulizwa na mtu anayetaka picha ya familia kutoka kwa Gauguin, hii ndiyo niliyomwelekeza, na sijabadilisha neno.

Wamestirika, kwa hiyo haileti shida kwa mgeni yeyote. Haihusiani na ibada ya dini moja, kwa hiyo inakaa kwenye nyumba ya mseto. Haibebi kidonda cha Tehamana moja kwa moja, ingawa mchoraji ni yuleyule na hilo halifutiki. Na kipimo chake, sentimita 73.7 kwa 92.1, ni 4 kwa 5 kamili, kwa hiyo fremu ya 50 kwa 40 au ya 100 kwa 80 inaipokea bila kupunguza ukingo. Inafaa pia ukumbini kwa sababu ni mlalo na hukaa vizuri juu ya kochi, ambapo picha za wima huonekana kama zimeongezwa baadaye.

Ina upungufu wake. Ukiitazama kutoka mbali, haimkamati mtu kama Ia Orana Maria. Mtoto mdogo hataikimbilia kama atakavyokimbilia ndizi za Mlo. Katika chumba chenye kuta za rangi kali inaweza kufifia, inapenda ukuta mweupe au wa maziwa. Anayetaka picha ya kuchangamsha chumba asiichukue hii.

Zile nyingine, kwa haraka

Ipo Te tamari no atua, yaani Mwana wa Mungu, ya 1896, iliyoko Neue Pinakothek mjini Munich, ambamo mwanamke amelala kitandani na mtoto mchanga ameshikwa nyuma yake, na ng'ombe wako zizini kama Bethlehemu. Pahura alijifungua mwishoni mwa mwaka ule na mtoto hakuishi. Ukishajua hivyo, hutaitundika kwa furaha. Ipo Uzazi ya 1899, ya mama anayenyonyesha akiwa na wanawake wawili wamesimama kando yake, mwaka aliozaliwa Émile, mtoto wa Gauguin na Pahura. Toleo moja liko Hermitage, Saint Petersburg, na la pili liliuzwa New York mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 105. Ni nzuri, lakini suala la vifua wazi linarudi palepale.

Halafu kuna ile kubwa ya Boston, Tunatoka Wapi? Sisi Ni Nani? Tunakwenda Wapi?, ya 1897 na 1898, yenye upana wa karibu mita 3.75, kuanzia mtoto mchanga mpaka kikongwe. Husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, kama mwandiko wa Kiarabu ambao wazee wa pwani waliuandikia Kiswahili kwa karne nyingi. Ni ukoo mzima wa binadamu, lakini ukiifinya iingie kwenye fremu ya nyumbani unabaki na utepe wa bluu wenye vidoti vya watu. Iache kwa mwenye ukuta wa ukumbi.

Kabla hujampa fundi faili

Pakua kutoka kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, si kwenye mitandao ya picha. Metropolitan walifungua picha zao kwa matumizi huru mwaka 2017, na Chicago walifuata 2018, kwa hiyo tatu kati ya hizi nne unazipata bure kwa ukubwa wa kutosha. Kwa fremu ya 50 kwa 40, upande mfupi wa faili usipungue pikseli 3,000. Faili ya kutumiwa WhatsApp inabanwa, mpelekee fundi kwa fleshi au kwa barua pepe.

Omba atoe kwanza kipande kidogo cha uso, si cha majani wala cha nguo. Rangi ya ngozi ndiyo inayoharibika kwanza: mashine nyingi huivuta ama kwenye rangi ya machungwa au kwenye kijivu, na Gauguin aliijenga ngozi kwa kahawia, kijani na waridi vilivyopakana. Ikitoka ya machungwa matupu, mwambie apunguze njano kabla ya kuchapa yote. Pia kataa anapojitolea kuing'arisha ili ipendeze. Watu hawa hawakuchorwa weupe, na kwenye Wanawake Wawili kivuli cha uso wa yule mtu mzima ndicho kinachobeba umri wake.

Karatasi isiyong'aa inafaa kuliko ya kung'aa, kwa sababu rangi za Gauguin zimelazwa bapa na mng'ao unazivunja. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, kioo kisigusane na karatasi. Mwambie fundi wa fremu aweke ukingo wa kadibodi katikati, la sivyo unyevu wa pwani utaigandisha picha kwenye kioo ndani ya misimu miwili ya mvua. Isitazamane na dirisha la magharibi. Na nyuma ya fremu andika kwa penseli jina la picha, mwaka na mahali ilipo ya asili, maana fremu huhama nyumba na wanaobaki nayo huuliza.